Kalunguyeye na Waliokula Chumvi Nyingi

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kiu.

Kiu ya nani?

Utuambie wewe.

Haya, sikilizeni. Palikuwa na kiu katika kijiji cha Gurza, kule Albania, nchi ya milima iliyopandiana, ambako hata kondoo akisimama, miguu miwili iko juu na miwili iko chini, kwa jinsi ardhi ilivyoinama. Kijiji kilikuwa na chemchemi moja tu. Maji yalitoka chini ya mwamba, chururu, chururu, yakajaza birika la mawe, yakashuka mashambani. Watu walikunywa, kondoo walikunywa, miti ya jozi ilikunywa. Hakuna aliyesema asante, maana nani anakishukuru kitu kinachokuja chenyewe kila asubuhi? Mmoja tu alikuwa na tabia ya kushukuru, na huyo nitamfikia.

Siku moja chemchemi ikanyamaza. Waliopanda kwenda kutazama walishuka mbio zaidi kuliko walivyopanda. Juu ya jicho la maji alikuwa amekaa kulshedra.

Kulshedra ni nini? Nieleze vizuri, nisije nikaulizwa katikati. Kule kwao kuna nyoka anayeitwa bolla. Bolla analala shimoni mwaka mzima, anaamka siku moja, anameza kitu cha kwanza anachokiona, anarudi kulala. Akilala hivyo miaka na miaka bila jicho la binadamu kumwona, anaota mabawa, anaota vichwa, anaota nywele nyekundu mwili mzima. Hapo si bolla tena, ni kulshedra. Huyu wa Gurza alikuwa na vichwa saba na tumbo kama ghala. Na kulshedra kazi yake ni kukalia maji. Hayanywi. Anayakalia tu, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake na hataki kuinuka.

Kwanza alidai kondoo, wakampa. Alipoinuka kidogo kummeza, maji yalitoka, chururu, watu wakakinga ndoo zao. Akakaa tena, pu, yakakoma. Kisha akadai ng'ombe, wakampa. Chururu, pu. Wazee wakapanda kwenda kumbembeleza, wamebeba mkate na chumvi kama adabu ya kule inavyotaka, maana kule ukimpa mtu mkate na chumvi akala, huyo ni mgeni wako. Hakugusi, wala wewe humgusi, mpaka umsindikize kwenye mpaka wa kijiji. Hiyo wanaiita besa, ahadi isiyovunjwa. Inamfunga tajiri, inamfunga mwizi, inayafunga mpaka mazimwi: kulshedra akivunja besa, vichwa vinadondoka, mabawa yanadondoka, anarudi kuwa bolla, anarudi shimoni kulala.

Kulshedra aliijua sheria hiyo vizuri sana. Alikipiga kikapu kwa mkia, mkate na chumvi vikaenda korongoni. Akawaambia wazee hataki tena kondoo wala ng'ombe. Sasa anataka mtu.

Mtasema, kwani Gurza haikuwa na shujaa? Ilikuwa naye. Aliitwa Ndue, naye alikuwa drangue, yaani mtu aliyezaliwa na vijibawa kwapani ili apigane na kulshedra. Mama yake alikuwa akimwonyesha kila mgeni vile vijibawa tangu mtoto yuko kwenye susu. Ndue alipanda mlimani na plau begani, maana madrangue hawapigani kwa upanga, wanapigana kwa plau. Kulshedra hata kuinuka hakuinuka. Aligeuza mkia, akamkojolea. Na mkojo wa kulshedra, jamani, unaunguza na unanuka. Ndue alirudi nyumbani, na maji ya kuoga hayakuwepo. Tangu siku hiyo alikula peke yake, alilala peke yake, na akikohoa upande wa juu wa kijiji, upande wa chini walifunga madirisha.

Basi wazee wakakaa kuamua ni nani aende. Mmoja alisema nyumba yake ina harusi. Mwingine alisema nyumba yake ina mgonjwa. Wa tatu alisema yeye mwenyewe angependa sana kwenda, ila magoti. Mwisho wakamkumbuka Bi Prenda, mjane aliyeishi peke yake mwisho wa kijiji na kondoo wake wachache, asiye na mtu wa kumsemea kwenye kikao. Wakasema huyo ndiye anayestahili heshima hiyo, na wote walikubaliana haraka.

Bi Prenda aliposikia, alikaa kwanza. Halafu alitoa neno lake: kesho, jua likigusa mjozi wa uwanjani, atapanda.

Sasa namfikia yule wa kushukuru. Kwenye zizi la Bi Prenda alikuwa akiishi kalunguyeye, mnyama mdogo kama ngumi mbili, miiba juu, tumbo laini chini. Zamani Bi Prenda alikuwa amekusanya majani makavu ayachome, akataka kuwasha moto, akasikia majani yanakoroma. Akafunua, akamkuta kalunguyeye usingizini. Hakumtupa. Alimbeba na majani yake, akampeleka zizini kwenye joto, na kila jioni akamwekea maziwa kwenye kisahani. Kalunguyeye alikunywa, akafuta mdomo, akasema asante. Kila jioni maziwa, kila jioni asante. Hata ukame ulipokuja na kondoo wakakaribia kukauka, Bi Prenda alikamua matone, akayagawa mawili, nusu yake, nusu ya kisahani. Na kalunguyeye akasema asante ileile, wala hakuipunguza.

Jioni ile alimkuta Bi Prenda anafunga mkate kwenye kitambaa, na pembeni ameweka kibonge cha chumvi. Akamuuliza kwa nini asikimbie. Bi Prenda akasema ameshatoa neno. Akamuuliza sasa chumvi ya nini, kumpelekea mtu anayekwenda kukumeza?

"Nakwenda kwake," Bi Prenda akasema. "Siwezi kwenda mikono mitupu kwa sababu tu mwenye nyumba hana adabu."

"Na akiila?"

"Hataila, mwanangu. Angekuwa mjinga wa kuila, wazee wangekuwa wamemaliza jambo hili."

Kalunguyeye alikunywa maziwa yake, akasema asante, akaenda kulala, lakini hakulala. Alikuwa akilikumbuka shimo moja lililokuwa jirani na kwao alikozaliwa. Mle shimoni alikuwemo bolla, yuleyule ambaye sasa amekuwa kulshedra. Na kalunguyeye alikuwa amemsikia akikoroma kiangazi na masika, masika na kiangazi. Alimfahamu yule kulshedra kuliko wazee wote wa Gurza. Zimwi lile kubwa, maisha yake yote lilikuwa limelala.

Asubuhi, kabla mwanga wa jua haujashuka mlimani, kalunguyeye alikwenda kwenye jiwe bapa ambalo Bi Prenda huwawekea kondoo chumvi. Ilikuwa chumvi ya mlimani, nyekundu-nyekundu, imelowa kwa ndimi za kondoo. Akajilaza juu yake. Akabiringika, biringi, biringi. Chumvi ikanasa kwenye miiba. Akabiringika tena, biringi, biringi. Chumvi ikajaa. Alipoinuka alikuwa mzito, anatembea kama mtu aliyebeba gunia. Akapanda, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka kwenye chemchemi.

Kulshedra alikuwa amekaa, vichwa saba vinatazama pande saba.

"Shikamoo, bibi," akasema kalunguyeye.

Hakuna aliyewahi kumwamkia kulshedra. Watu wakifika pale huwa wanapiga kelele. Vichwa saba vilitazamana, kisha vikaitikia kimoja baada ya kingine, marahaba, marahaba, marahaba, mpaka kikaitikia cha mwisho, ambacho hakikusikia vizuri.

"Asante kwa kuniitikia, bibi."

"Asante ni nini?" kikauliza kichwa cha katikati.

Kalunguyeye akaeleza kwamba ni neno analosema mtu akipewa kitu. Kulshedra akasema yeye hajampa kitu, na kwamba sasa hivi atammeza.

"Asante kwa kuniambia mapema," akasema kalunguyeye. "Wakubwa wengine wanameza tu."

Kulshedra alilipenda lile neno. Lilimwingia katika masikio kumi na manne kama upepo wa baridi siku ya joto. Akavimba kifua, akasema, "Kumbe una adabu. Lakini hujui unaongea na nani, mjukuu wangu. Mimi nimekula chumvi nyingi."

Nyinyi mnajua maana yake. Mtu akisema amekula chumvi nyingi, anasema ameishi sana, ameona mengi. Kalunguyeye naye alijua. Lakini aliinua pua yake ndogo, akauliza kwa upole kabisa:

"Chumvi ipi, bibi?"

"Chumvi. Hiihii."

"Nauliza kwa sababu ziko mbili. Kuna ya bahari na kuna ya mlima. Aliyekula nyingi anazitofautisha."

"Nimekula zote," kikasema kichwa cha katikati.

"Umekula wewe?" kikasema cha kushoto. "Sote tulikuwepo."

"Wewe umeota juzi," kikasema cha kulia. "Mimi ndiye niliyekuwepo tangu tukiwa na kichwa kimoja."

"Kile kichwa kimoja nilikuwa mimi."

"Ulikuwa wewe? Na pua hiyo?"

Vikaanza kugombana, kila kimoja kimekula chumvi kuliko mwenzake. Kalunguyeye aliviacha vigombane vya kutosha, kisha akakohoa kidogo. Akasema anaona pana mkubwa mmoja hapa, na anataka kumpa heshima yake, ila hamjui. Mgongoni kwake, akasema, amebeba chumvi ya mlima. Mtoto akiilamba atakunja uso. Aliyeizoea hatakunja.

Kile cha katikati kilisita. Kiliikumbuka ile sheria. "Chumvi ya mtu ina mambo yake," kikanong'ona. Lakini cha kulia kikacheka: huyu si mtu, hana mlango, hana meko, atamkaribisha nani? Kikashuka, kikatoa ulimi. Lamba. Miiba ikauchoma.

"Inachoma," kikasema.

"Watoto ndio inawachoma, bibi."

"Sijasema inanichoma mimi. Nasema ni tamu inachoma." Kikalamba tena, machozi yanatiririka, uso haukukunjwa hata kidogo.

Cha kushoto hakikutaka kupitwa. Lamba, lamba. Cha nyuma kikasukuma. Lamba, lamba, lamba. Hata kile cha katikati, kilipoona wenzake wanakuwa wazee na chenyewe kinabaki mtoto, kikashuka na ulimi wake mpana kuliko wote. Kalunguyeye alikuwa amejikunja mpira, pumzi za zimwi zinampita juu na chini, moyo unampiga ti, ti, ti, na kila alipolambwa alisema kutoka ndani ya mpira, "Asante, bibi. Asante, bibi." Hakuwa akitania sana. Kila ulimi uliorudi kinywani bila yeye ndani yake, aliushukuru kwa dhati.

Chumvi ikaisha.

Kichwa cha kulia kikajaribu kumeza mate. Hayakuwepo. Cha kushoto kikajaribu. Hayakuwepo. Ndimi saba zilikuwa zimekauka kama ngozi ya kiatu cha zamani. Kulshedra maisha yake yote hakuwahi kusikia kiu. Hakujua hata jina lake.

"Nina nini?" kikauliza cha katikati.

"Una kiu, bibi."

"Dawa yake?"

"Maji."

"Yako wapi?"

"Umeyakalia."

Kulshedra akazikunja shingo zake kujaribu kuyafikia bila kuinuka. Akazipitisha huku, akazipitisha kule, akajifunga fundo. Kichwa kimoja kilisema wasiinuke, ni hila. Sita vikasema kinyamaze. Basi kulshedra akainuka, kidogo tu, kama mtu anayejifanya anajinyoosha.

Maji yaliyozuiwa siku zote zile hayakusema chururu. Yalisema bubujiii. Yalimrusha kando na tumbo lake lile kama ghala, yakajaza birika, yakashuka mlimani yanakimbia. Na kulshedra hakuyafuata kuyazuia. Alikuwa ameinamisha vichwa saba kwenye birika, gudu, gudu, gudu. Alikunywa kwa macho yamefumbwa. Alikuwa ameyakalia maji muda wote ule na hakuwahi kuyaonja. Kichwa cha katikati ndicho kilichoinuka cha kwanza, kidevu kinadondosha matone, kikasema lile neno kililojifunza asubuhi ileile.

"Asante."

Wakati huohuo jua liligusa mjozi wa uwanjani, na Bi Prenda alikuwa ameshafika, mkate wake mkononi. Kijiji kizima kilikuwa nyuma yake, nyuma kabisa, kwenye mawe. Wote walisikia.

Kalunguyeye alikunjuka. "Bi Prenda," akasema, "mgeni wako anakushukuru."

Kulshedra akageuka. Akasema yeye si mgeni wa mtu, amelamba chumvi ya mnyama asiye na nyumba. Kalunguyeye akamwomba Bi Prenda aangalie. Mwanamke yule aliinama, akachukua punje iliyobaki mwibani, nyekundu-nyekundu, akaiweka ulimini. Akasema hii ni chumvi yake, ya jiwe la kondoo wake, na huyu kalunguyeye anakaa chini ya dari yake na anakunywa maziwa yake.

Hapo ndipo alipotokea Ndue. Alikuwa ametoka mbio nyuma ya mawe na plau juu ya kichwa, maana aliliona zimwi limelegea na limelowa na tumbo limejaa maji, na nafasi kama hiyo drangue haipati mara mbili. Watu wakamshangilia. Harufu ilimtangulia, plau ikafuata, na kati ya plau na kulshedra akasimama Bi Prenda.

"Shusha, Ndue."

"Mama, zimwi hili lilitaka kukumeza."

"Limekula chumvi yangu. Ukimpiga, umempiga mgeni nyumbani kwangu, na mimi nitatembea na aibu hiyo mpaka kaburini. Shusha, baba."

Ndue akashusha. Kulshedra aliutazama mgongo wa yule mjane mdogo aliyemkinga. Angeweza kummeza pale pale. Lakini angekuwa amevunja besa, vichwa vingedondoka, na angerudi shimoni kulala. Kulala tena, sasa ambapo alijua maji yana ladha gani? Akauliza kwa sauti ndogo, kwa vichwa vyote, mgeni anatakiwa kufanya nini.

Bi Prenda akamwambia kwamba mgeni hakalii maji ya mwenyeji. Mgeni anakaribishwa, anakula, anasindikizwa. Akaumega mkate vipande saba. Kulshedra akala, na kila kichwa kikasema asante, hata kile cha kulia ambacho ulimi wake ulikuwa umevimba na kilitamka "athante". Kisha wakamsindikiza, Bi Prenda mbele kama mwenye mgeni, kalunguyeye ndani ya kikapu chake, kijiji nyuma, na Ndue nyuma ya wote kwa ombi la wote. Walipofika kwenye jiwe la mpaka, Bi Prenda akamtakia safari njema. Kulshedra akakunjua mabawa, vuuu, akaenda upande wa magharibi. Wanasema alikwenda kuitafuta chumvi ya bahari, kwa kuwa alishatamka kwamba ameila.

Waliporudi, hakuna aliyeingia nyumbani. Wote walikwenda birikani. Yule mzee wa magoti alipiga magoti bila shida yoyote, akanywa, akayaambia maji asante. Aliona haya kidogo, akatazama pembeni, akakuta wenzake nao wanasema. Wakamgeukia Bi Prenda wakamwambia na yeye, na kila mmoja alilisema akitazama chini. Ndue alioga. Walimwomba aogee chini ya kijiji, akaogea chini ya kijiji, akatoka ananukia kama mtu.

Jioni Bi Prenda alijaza kisahani mpaka maziwa yakamwagika. Kalunguyeye akanywa, akafuta mdomo, akafungua mdomo aseme neno lake.

"Subiri," akasema Bi Prenda. "Leo ni zamu yangu. Asante, mwanangu."

Na kalunguyeye, aliyekuwa amelijua neno hilo maisha yake yote lakini hakuwahi kuambiwa, hakujua afanye nini nalo. Alijikunja mpira, akabaki hivyo kwa muda mrefu, na Bi Prenda akaketi pembeni yake kumsubiri akunjuke.

Funzo la hadithi hii ni hili. Watoto, waheshimuni waliokula chumvi nyingi, na kamwe msiwaulize ni chumvi ipi. Na muwe waangalifu na neno asante, msilitoe ovyo. Mmeona lilivyomponza kulshedra.

Hadithi yangu nimeiacha pale birikani. Mwenye kiu aifuate, aliyekwisha kunywa anipishe niteke. Nanyi mlionisikiliza mpaka mwisho, asanteni.